Sufuria ya Pilau na Laptop Iliyovaa Nguo

Hapo Manika, mtaa wa Kolwezi, nyumbani kwa Mama Mwanvua, hakuna kitu kilichokaa uchi. Televisheni ilivaa. Friji ilivaa. Thermos ya chai ilivaa, chupa ya gesi ilivaa sketi, na rimoti, maskini, ilivaa gauni lenye kola, hata anayetaka kubadilisha chaneli akawa anabonyezabonyeza kama daktari anayetafuta bandama. Vyote alivifuma kwa mkono wake mwenyewe, na vyote vilitoka na chapa yake: nanasi kubwa katikati, mananasi madogo pembeni, uzi wa kijani cha ndimu na ukingo wa zambarau. Mgeni aliyekaa hapo kwa muda mrefu bila kujitikisa alikuwa na kila sababu ya kuogopa.

Kwa hiyo mwanawe Yassini, mpiga video za ndoa, alipoleta laptop nyumbani, haikumaliza wiki kabla haijashonewa nguo. Mama aliacha matundu ya nyaya, akaacha mahali pa kufungulia kioo, kwingine kote akafunika.

"Vumbi ya huku haina huruma," alisema. "Malori ya mawe yanapita hapa kutwa. Usiivue hata siku moja. Unanisikia, tata, baba yangu?"

Yassini alisikia. Mtu mwenye mama kama huyo hujifunza kusikia mapema. Laptop ikawa inafanya kazi imevaa, inanung'unika ndani kwa ndani kama bibi harusi aliyebanwa na gauni, na hakuna aliyeijali.

Lakini tabu yenyewe haikuanza na laptop. Ilianza na sufuria.

Jirani yao, Mama Rehema, alikuwa anamwoza binti yake Djamila. Kwa familia za Kiislamu zilizotoka Maniema, ndoa ya Kolwezi bila Mama Mwanvua mbele ya moto ni sawa na chai bila maji. Yeye ndiye mkuu wa wapishi. Na mkuu wa wapishi ana haki yake, aliyoikuta kwa mama yake huko Kasongo, na mama yake aliikuta kwa wake: pilau ikiisha, ukoko wa chini ni wake. Haombi, haulizwi. Anachukua kijiko cha chuma, anakwangua, anakwenda zake nyumbani na heshima yake.

Siku ile Mama Rehema alimkosea mara mbili. Kwanza, meza ya maharusi aliitandika vitambaa vya kung'aa vya dukani, wakati Mwanvua alikuwa amefuma kitambaa cha meza hiyo tangu mfungo, mpaka vidole vikafanya sugu. Kisha, Mwanvua akiwa katikati ya moshi anaonja chumvi, Rehema akapita na bangili zake, akasema bila hata kusimama:

"Mama Yassini, leo bukoko tutagawia batu bote. Tuko bengi."

Kugawa ukoko! Mwanvua akaonja chumvi tena. Mtu aliyemjua angeogopa hapo hapo, maana Mwanvua asiyejibu ni kama gari bila breki. Matwari yalipolia, wanawake wote wakakimbilia hemani kumwona bibi harusi. Yeye akachukua sufuria moja ya pilau ya mbuzi, ile ya wastani ambayo haijaguswa, akaifunika kwa kile kitambaa chake kilichokataliwa, akaishika kwa mikono miwili mbele ya tumbo, akatoka nayo kwa njia ya jikoni taratibu kama mtu anayepeleka mtoto kwenye chanjo.

Na wala hakuona kwamba ameiba. Hesabu yake ilikuwa safi. Ukoko uko chini ya sufuria. Autoe vipi bila kuubeba wali ulio juu yake? Na nyama ilikuwa imekaa juu ya wali, aitupe barabarani? Alikula. Majirani wa nyuma wakala. Paka akala. Sahani moja iliyojaa alimpelekea Sadrack, kijana mchimbaji kutoka Kapanga, ambaye alikuwa amepanga chumba nyuma ya nyumba ya Rehema, na ambaye tangu asubuhi alikuwa ameshika kamba za hema bila mtu kukumbuka kwamba naye ana tumbo.

Kitu kimoja tu kilimharibia utamu. Wakati anapita pale penye njia ya jikoni, aliona kitaa chekundu kidogo kinawaka. Yassini alikuwa ameacha kamera yake ya pili pale, juu ya kreti ya soda. Kitaa kilimtazama Mwanvua. Mwanvua alikitazama. Kisha akaendelea na safari, maana sufuria ya moto haingojei mtu afikiri.

Sufuria ilipotafutwa, hakuna aliyepiga kelele kumshinda yeye. "Mwizi wa chakula ya ndoa! Hana hata haya mbele ya Mungu!" Aliinama mpaka chini ya meza kuangalia. Vidole vilizunguka uwanja mzima kutafuta pa kutua, na mwisho vikatua pale vinapotua siku zote: kwa mgeni mpangaji mwenye matope kwenye buti.

"Sadrack," alisema Mama Rehema, "leo sitakufukuza, ndoa isiingie mukosi. Yassini alipiga film. Tutaiangalia bote, hapa hapa mu uwanja. Ukionekana, unafungasha. Na kama film haionyeshe mutu mwingine, unafungasha bile bile."

Mwanvua alisikia yote. Film ikitoka, jina lake limekwisha. Hakuna ndoa tena itakayompa kijiko. Film ikipotea, Sadrack analala nje. Aliyapima mambo hayo mawili kwa haki kabisa, akaona kwamba vyumba ni vingi Kolwezi, lakini mkuu wa wapishi ni mmoja. Hata hivyo, tangu siku hiyo Sadrack akawa anapelekewa chakula kila mchana.

"Mama," Sadrack alimwambia siku moja, akifunua maharagwe, "siku hizi unanilisha sawa mutu mwenye anajua nitakufa lini."

"Kula, kinywa yako murefu," alisema Mwanvua, na kuondoka upesi.

Ndipo Mungu, kwa hesabu za Mwanvua, alipomsikia. Yassini alikaa kuandaa ile film, na baada ya muda mfupi sauti yake ikatoka chumbani:

"Mama! Mashine inakufa!"

Mwanvua alifika kabla ya neno la mwisho. "Inakufa namna gani?"

"Naiwasha, inawaka vizuri. Inaniomba code, naandika. Inasema 'Bienvenue', karibu, kale kaduara kanazunguka, kisha giza, kisha inaanza tena kwa mwanzo. Naandika tena, giza tena. Sawa mulevi mwenye anafika ku mulango ya kwake na anarudia ku bar."

"Na bitu bya ndani?"

"Biko ndani. Lakini mi sifike kwenye biko."

"Na ku kamera haikubakia?"

Yassini alishika kichwa. "Kadi nilizifuta, ju ya ile ndoa ingine ya kule Dilala. Yote iko humu tu."

"Oo, pole sana, tata," alisema Mwanvua, kwa sauti ya mtu anayetoa rambirambi kwenye msiba wa hasimu wake.

Kwanza walikwenda kwa Gael, ambaye pale sokoni wanamwita Docteur Formatage. Gael hana ugonjwa mwingine wala dawa nyingine. Mletee simu, mletee laptop, mletee pasi ya nguo: ataigusa kwa kidole, atasema virusi, atasema aifute yote iwe mpya.

"Ni virusi," alisema Gael. "Tunaformater, kesho inatembea sawa mutoto."

"Na film ya batu?" Yassini akauliza.

"Inakwenda na maji. Mutu akizaliwa mara ya pili, anazaliwa uchi."

Mwanvua hajawahi kumpenda kijana wa mtu haraka namna ile. "Huyu mutoto eko na akili sana! Tata, umuachie mashine. Batu ba zamani baliolewa bila film, na balizaa. We ulizaliwa bila film!"

"Mama, Mama Rehema atanizika muzima."

"Atakuzika na nini? Hana hata kitambaa ya maana."

Yassini aliinyakua laptop mikononi mwa Gael kama mtu anayemtoa mtoto kwa ngariba asiyemjua, akaenda nayo mpaka nyuma ya wanawake wanaouza samaki wakavu, kwa Chancelle. Mwanvua akamfuata unyounyo. Alisema anakwenda kununua nyanya.

Chancelle alikuwa binti mwenye miwani iliyofungwa kwa waya upande mmoja, anatafuna ubani, anakata maneno. Hakuuliza virusi gani. Aliuliza:

"Kitu gani humu ndani ukipoteza utalia?"

"Ndoa ya Djamila," alisema Yassini.

"Basi kwanza tunatoa bitu mu nyumba. Moto ilitoka wapi, tutauliza kisha."

Aliivua laptop nguo yake, akaitupa kando bila heshima, na Mwanvua akaiokota akaikung'uta. Chancelle akalegeza skrubu za chini, akachomoa diski, kitu chembamba kama biskuti, akakiweka ndani ya kiboksi chenye waya, akachomeka waya kwenye mashine yake mwenyewe. Mafaili yakajipanga kwenye kioo, mazima kabisa. "Djamila, bibi harusi." "Djamila, bwana harusi." "Djamila, jikoni."

Hilo la mwisho lilimchoma Mwanvua mbavuni.

"Mwana yangu," alisema kwa upole mkubwa, "aka kaboksi kakianguka, kanakufa?"

"Kanaweza kufa kabisa, Mama."

"Ee! Leta basi nikushikie."

Chancelle alimtazama juu ya miwani, akasogeza kiboksi mpaka upande wa ukuta. Mstari wa kunakili ukaanza kutambaa kwenye kioo, pole pole, kama jongoo asiye na habari na mtu. Mara umeme ukakatika. Feni ya kibanda ikasimama, redio ya jirani ikanyamaza.

"Alhamdulillahi!" ilimtoka Mwanvua.

Yassini akageuka. "Mama?"

"Nasema alhamdulillahi tuko bazima. Kwani mubaya?"

Lakini mashine ya Chancelle ilikuwa na betri yake, na jongoo akaendelea na safari mpaka akafika. Chancelle akafungua mafaili mawili matatu kuhakikisha yanacheza, akaridhika, akarudi kwa mgonjwa. Akachukua kibanio cha nyusi, akakiingiza kwenye feni ya laptop, akavuta. Kikatoka kitonge cha manyoya: vumbi jekundu, nyuzi za kijani cha ndimu, nyuzi za zambarau, vimesokotana mpaka vikawa na umbo la panya.

"Huyu ni wa nani?" akauliza, akimning'iniza.

Mwanvua aliutambua uzi wake kama mzazi anavyomtambua mwanawe katikati ya watu.

"Mama, hii haina virusi," alisema Chancelle. "Haina hewa. Pale kwenye inaomba code imekaa tu, haina kazi. Ukiandika code, inaamka yote mara moja, na programu ya film inajiwasha yenyewe, inakuwa moto. Inatafuta kupumua, inakuta sweta. Basi inajizima isiungue, inaanza tena. Ni hii nguo njo inaiua."

Angesema nyumba ya Mwanvua inanuka, angesamehewa. Angesema pilau yake ina mawe, labda.

"Nguo yangu?" alisema Mwanvua, akisimama. "Nguo yangu njo inaua? Friji yangu inavaa tangu Yassini eko mutoto, ilikufa?"

"Friji inapumua na mugongo, Mama. Bahati yake, mugongo haukuifunika."

"We binti, usinichezee! Rudisha ile biskuti yako mahali yake, uivalishe, iwashe!"

Chancelle akarudisha diski, akaifunga, akaivalisha nguo yake vizuri mpaka kola. Yassini akaandika code. Bienvenue. Kaduara. Giza.

"Unaona?"

"Ni bushetani tu! Hata uchi itazima! Leta hapa!" Na kwa mikono yake mwenyewe Mwanvua aliivuta laptop, akaivua nguo kwa nguvu kama anayemwogesha mtoto mkaidi. "Sasa! Andika!"

Chancelle aliipiga feni brashi, akaiegemeza laptop juu ya makopo mawili ya sadini ili upepo upite chini, akaiacha ipoe kidogo, akampa Yassini ishara. Code. Bienvenue. Kaduara kakazunguka, kakazunguka, kakaondoka. Na picha ya Yassini amevaa kofia ya sherehe ikatokea kwenye kioo, ikakaa. Ikaendelea kukaa. Feni ikavuma kwa furaha.

Yassini alimrukia Chancelle nusura amvunje miwani. Chancelle akamkaripia asifute tena kadi yoyote ya kamera kabla hajawa na nakala mbili mahali pawili. Mwanvua alibaki ameshika nguo mkononi. Ndipo akakumbuka alikuja pale kutaka nini. Nyanya hakununua.

Siku ya film alijaribu kuumwa. Asubuhi alianza na kichwa, kichwa kikakataa, akahamia mguu. Kisha akafikiri: mtu asiyekuwepo ndiye anayesemwa. Akajifunga kikwembe, kitenge chake, akaenda kukaa mstari wa mbele.

Uwanja wa Rehema ulijaa mbele ya televisheni iliyoazimwa kwa Mwanvua, nguo yake ya mananasi bado iko mwilini. Sadrack alikuwa amekaa juu ya furushi lake lililokwisha kufungwa, taa yake ya kichwani imening'inia shingoni. Yassini alisimama pembeni na kamera, maana yeye hata msibani hupiga. Walitazama bibi harusi, wakalia. Wakatazama bwana harusi akikanyaga gauni, wakacheka. Kisha ikaja ile ya jikoni.

Kamera ya kwenye kreti ilikuwa imekaa chini mno. Yassini alitaka miguu ya wachezaji, na alipata miguu tu: viuno na miguu, vinapita vinarudi, vyote vimevaa kikwembe kimoja cha sare ya ndoa, mikono yote ina hina. Halafu kikapita kiuno kimoja peke yake, pole pole, na mbele yake sufuria, na juu ya sufuria kitambaa cha kijani na zambarau. Kichwa hakikuwepo. Kilikatwa na kioo.

Mwanvua alivuta hewa ambayo hakuivuta tangu siku ya ndoa.

"Simamisha hapo!" alisema Mama Rehema. Akasogea karibu na televisheni. "Kumbe! Alivaa kikwembe ya batu ili ajifiche. Lakini angalieni ile miguu. Minene, mipana. Hakuna mwanamuke mwenye miguu ya vile. Ni miguu ya creuseur kabisa, ya muchimbaji!"

Watu wakacheka. Mwanvua alivuta miguu yake chini ya kiti, akameza. Miguu ni ya Mungu. Aliyeitukana atajibizana naye.

"Mama, mi nilikuwa ku kamba za hema!" alilalamika Sadrack.

Macho ya mmoja mmoja yakaanza kutoka kwenye kile kitambaa, yakipitia kwenye kifuniko cha televisheni, kuelekea mstari wa mbele.

"Bile bitambaa mi niliuzishaka kila mahali," Mwanvua alisema upesi. "Mutu yeyote anaweza kuwa nayo."

"Lakini dada yangu, nani alikutaja?" Rehema alisema, sauti imekuwa asali. "Kazi ya mukono yako mi naijua. Hii si yako. Hii ni ya ku maduka ya Bachina, ya mashine. Ona mananasi bilivyopinda, sawa biazi byenye kuoza."

Mwanvua akashika kiti kwa mikono miwili.

"Na ukingo," aliendelea Rehema, akigusa kioo kwa ukucha, "ukingo wa mutoto wa masomo ya mwanzo. Mutu wa kufuma hivi hata kamba ya mbuzi nisingemupatia..."

"YA BACHINA?" Kiti kilianguka nyuma. "Ya Bachina, Rehema? Miezi yote ile vidole vinaniuma, ju ya meza ya mutoto yako, unaniambia ya Bachina? Hakuna mashine inazaliwa inaweza kufunga nanasi vile! Haikupinda, ni mi nilikuwa natembea mbio, sufuria ilikuwa moto!"

Hata kuku wa uwanjani walikimbia.

Rehema akageuka kwa starehe, tabasamu limefika masikioni. Ndipo Mwanvua alipoelewa kwamba mwenzake aliyatambua yale mananasi tangu yalipoingia kwenye kioo.

"Endelea, dada," alisema Rehema. "Ulikuwa unatembea mbio wapi?"

Mwanvua alijiweka sawa kikwembe. Kama ni kuzama, azame akisema. "Nilichukua bukoko yangu. Bukoko inakaa chini. Sasa mi ningeitoa namna gani? Mutu mwenye anajua kutoa bukoko bila wali ya juu, asimame, anifundishe."

Hakusimama mtu. Walikuwa wamelala kwa kicheko, na mama mmoja aliyeshika mtoto alilazimika kumpa mwenzake amshikie. Rehema mwenyewe alijifuta machozi kwa ncha ya mtandio, akasema ndoa ijayo iko Kasaji kwa shemeji yake, na Mama Yassini atasimama mbele ya moto, na ukoko wote utakuwa wake, lakini atapewa kwenye sahani, mbele ya watu, umekwisha kukwanguliwa. Kisha akamgeukia Sadrack, akamwomba samahani kwa sauti ya kusikika, akamwambia afungue furushi.

Sadrack alianza kufungua fundo, akasimama katikati.

"Mama Mwanvua. Ile sahani ya kwanza. Ile ya siku ya ndoa, yenye nyama ya mbuzi."

"Njo ile ile."

"Kumbe hata mi nilikula!"

"Na ulilamba sahani," alisema Mwanvua.

"Funga tena furushi!" mtu akapiga kelele nyuma, na uwanja ukalipuka upya.

Katikati ya vurugu Yassini akatokea, kamera bado iko jichoni, kitaa chekundu kinawaka.

"Mama, rudia kidogo pale pa Bachina. Mwanga haikukaa vizuri."

Mwanvua alimtazama mwanawe, akakitazama kile kitaa. Kisha akaingiza mkono mfukoni, akatoa nguo ya kijani na zambarau iliyokunjwa vizuri, akampa.

"Hiyo film ya leo iweke mu laptop," alisema. "Na uivalishe."